Kingo Zinazokunywa Rangi: Majibu kwa Wasomaji Wanaofanya Kazi na MDF ya Leza

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu vipande vidogo vya ubao wa MDF vilivyokatwa kwa leza: namna ya kuviziba ili visinywe rangi, na namna ya kuvipiga rangi bila kupoteza nakshi zake. Kwa kuwa maswali yenyewe yanagusana, nimeyapanga ili jibu la kwanza, ambalo ndilo refu kuliko yote, liwe msingi wa yanayofuata.

SWALI (msomaji wa Kirumba, Mwanza): Ndugu Mwandishi, ninatengeneza mifano midogo ya meli za ziwani kwa MDF ya milimita 3. Michoro ninaiandaa mwenyewe, na kukata ninapeleka kwa kijana mmoja mwenye mashine ya leza. Mfano ulioko mezani kwangu sasa ni wa MV Victoria, wenye madirisha ya duara na reli za sitaha zenye upana wa milimita moja na nusu tu. Nikiupiga rangi nyeupe ya maji, nyuso zinatoka vizuri, lakini kingo zinabaki na vinyweleo, na baada ya siku moja au mbili zinatoa madoa ya kahawia. Nikiongeza rangi ili kuyafunika, madirisha yanaziba. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu wa Kirumba, hapo kuna matatizo mawili yenye vyanzo tofauti, na rangi ya ziada haiwezi kutibu hata moja kati yake.

La kwanza ni la ubao wenyewe. MDF hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za mbao zilizochanganywa na gundi, kwa kawaida ile ya yurea-fomaldehidi, kisha zikashindiliwa kwa joto na kwa nguvu kubwa. Kushindiliwa huko hukaza tabaka za nje kuliko katikati, ndiyo maana uso wa ubao huwa laini na mgumu ilhali moyo wake una nafasi nyingi kati ya unyuzi na unyuzi. Leza inapopita, moyo huo unabaki wazi, na ukingo unakuwa kama ncha za fungu la nyasi za kuezekea: kila kimiminika kinachougusa kinafyonzwa hadi ndani. Kimiminika hicho kikiwa na maji, nyuzi zinafura na kusimama, na hivyo vinyweleo unavyovipapasa ni ncha zake zilizokaukia ndani ya rangi zikiwa zimesimama.

La pili ni la leza. Mashine hiyo hukata kwa kuunguza, na ukingo unaobaki umepakwa masizi pamoja na lami nyembamba ya moshi uliogandia hapo. Rangi ya maji huyeyusha sehemu ya uchafu huo na kuupandisha juu kadiri maji yanavyotoka, kwa hiyo kila mkono mpya wa rangi nyeupe huvuta kahawia mpya. Ukingo unatakiwa uzibwe kabla rangi ya maji haijaugusa, na uzibwe kwa kitu kisicho na maji.

Anza na usafi, ambao wengi huuruka. Chukua mswaki mkavu usiotumika tena na usugue kingo zote, ukiingiza nyuzi zake ndani ya kila dirisha, mpaka kitambaa cheupe unachofutia kiwe kinatoka na rangi hafifu tu. Kisha lowesha pamba kwa spiriti, ikamue, na upitishe kwenye kingo haraka. Spiriti hupotea hewani upesi na haifurishi nyuzi kwa kiasi ambacho maji hufurisha, nayo huondoa ile lami ambayo mswaki hauiwezi. Kwa kingo za nje zilizonyooka unaweza kupitisha msasa namba 320 mara moja au mbili, lakini usipeleke msasa wa mkononi kwenye reli, kwa kuwa reli ya milimita moja na nusu iliyokatwa kwenye MDF haina mshipa wa mbao wa kuishikilia na huvunjika bila onyo. Pale gundisha kipande chembamba cha msasa kwenye kijiti cha barafu na ukipitishe kwa kufuata urefu wa reli, kamwe usikipitishe kwa kuikingama.

Baada ya hapo ndipo kuziba. Zipo njia nyingi, lakini kwa kazi yenye nakshi ndogo na rangi nyeupe mimi nachagua shelaki. Shelaki ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaofugwa kwenye miti huko India na Thailand, nayo huuzwa ikiwa magamba ya rangi ya asali au ikiwa tayari imeyeyushwa. Maseremala wa zamani waliitumia sana kupiga polishi ya samani. Huyeyuka katika spiriti, hukauka kwa muda usiofika saa moja, na sifa yake kubwa kwa kazi yako ni kwamba huyafungia madoa ndani, ikiwa ni pamoja na yale ya moshi. Ukiyeyusha mwenyewe, weka kiasi cha gramu 120 za magamba katika lita moja ya spiriti, au uwiano huohuo kwa chupa ndogo, uache usiku kucha ukitikisa mara kwa mara, kisha uchuje kwa kitambaa chepesi. Mchanganyiko huo ni mwepesi, na wepesi wake ndio unaotakiwa. Andika tarehe kwenye chupa, kwa sababu shelaki iliyoyeyushwa hudhoofika, na baada ya kama miezi sita inaweza kugoma kukauka ikabaki inanata. Ukiwa na mashaka nayo, dondosha tone moja kwenye kioo: likiwa bado linashika kidole baada ya saa kadhaa, mwaga.

Piga kingo kwanza, nyuso baadaye. Tumia brashi ndogo ya wachoraji, ichovye nusu tu, ifute kwenye mdomo wa chupa, halafu iguse ukingo na uache kimiminika kivutwe chenyewe. Mkono wa kwanza utazama wote na ukingo utabaki umefifia. Mkono wa pili utaacha mabaka yanayong'aa hapa na pale. Ukishakauka, papasa kwa ncha ya kidole. Utasikia nyuzi chache zimesimama na kuwa ngumu, na sasa kwa kuwa ni ngumu zitakatika kwa msasa namba 400 ukiupitisha kwa wepesi, wakati zingekuwa laini zingelala tu na kusimama tena. Piga mkono wa tatu. Kisha kiinamishe kipande kwenye mwanga wa dirisha, ukitazame kwa ubavu: ukingo ukiwa unang'aa sawasawa na uso, umeacha kunywa. Ikiwa bado kuna sehemu zilizofifia, ziongezee hizo peke yake.

Katika madirisha ya duara, usifuatishe mzunguko wa tundu kwa brashi. Gusa upande mmoja, na shelaki itazunguka yenyewe. Utando ukijitokeza katikati ya tundu, pulizia kwa mrija wa soda ukitokea upande wa nyuma, kabla haujaanza kukauka.

Ukifika hapo, piga praima nyeupe ya kopo la kupuliza, ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake bila kusimama, na uachilie kidole ukiwa umeshatoka upande wa pili. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, kiasi kwamba ukiutazama utadhani haujafanya kitu. Subiri dakika kumi au kumi na tano, kigeuze kipande robo mzunguko, upulize tena, ili kingo zote zipate rangi kutoka pembe tofauti. Mikono mitatu ya ukungu huacha rangi nyembamba kuliko mkono mmoja mzito, na hufunika vizuri zaidi. Juu ya praima hiyo unaweza kurudi kwenye rangi yako ya maji, sasa ikiwa haina njia ya kuifikia MDF.

Neno moja kuhusu kijana wa leza. Mwombe abandike tepu ya karatasi ya wapaka rangi juu ya ubao kabla ya kukata, ili moshi ugandie kwenye tepu badala ya usoni, na muulize kama mashine yake ina pampu ya kupuliza hewa mahali leza inapokatia. Hewa hiyo huondoa moshi na kuzuia miali, na ukingo hutoka ukiwa na rangi ya kahawia hafifu badala ya mweusi wa mkaa. Mweusi mzito mara nyingi hutokana na kukata taratibu mno au na lenzi chafu, na hilo ni la kurekebishwa kwenye mashine, si kwenye meza ya rangi.

SWALI (mwanafunzi, Nyegezi, Mwanza): Shikamoo. Ninatengeneza mfano wa jengo kwa ajili ya kazi ya darasani, wenye vipande vingi vya MDF vinavyoingiliana kwa ndimi na matundu. Wenzangu wanachanganya gundi nyeupe ya mbao na maji, wanapaka vipande vyote ili kuvizibia, kisha wanaunganisha. Ni njia ya bei nafuu. Je, ni sahihi? Na je, nipige rangi kabla au baada ya kuunganisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji inaziba, hilo ni kweli, na kwa kitako cha mfano wako, ambacho ni kipana na hakina nakshi, siwezi kukukataza kuitumia. Lakini ina kasoro tatu ambazo wenzako watakutana nazo. Maji yaliyomo hufurisha kingo, kwa hiyo inasababisha ukwaruzo uleule inaokusudiwa kuuzuia. Ikikauka hubaki na asili ya mpira: ukiipiga msasa inapata joto, inajikunja vidonge vidonge na kuziba msasa, wakati sila, yaani kizibio cha mbao, na shelaki hutoka unga mkavu. Na kwa kuwa ni nzito, hutuama kwenye michirizi iliyochorwa na leza, matofali ya ukuta wako yakapoteza mistari yake. Kama pesa ni kidogo, tumia gundi hiyo kwenye kitako, na kwa kuta zenye nakshi nunua kopo dogo kabisa la sila ya NC (nitroselulosi), ile wanayotumia maseremala, uizimue kwa tina yake kiasi sawa kwa sawa. Kopo hilo litatosha mifano mingi, na mnaweza kuchangishana.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye hilo la kupaka vipande vyote kabla ya kuunganisha. Gundi ya mbao hushika kwa kuingia ndani ya nyuzi. Ukiziziba ndimi na kuta za matundu, iwe kwa gundi iliyozimuliwa, kwa shelaki au kwa rangi, umeifungia gundi mlango, na kiungo kitashikwa na utando wa rangi peke yake, ambao hubanduka. Isitoshe, matundu yamechorwa kulingana na unene halisi wa ubao. Mikono kadhaa ya sila na rangi pande zote mbili inaweza kuongeza sehemu ya kumi ya milimita au zaidi, na ulimi uliokuwa ukiingia kwa kubana kidogo sasa hautaingia, na ukiulazimisha utapasua ukuta.

Kwa hiyo unganisha kwanza bila gundi, uone vipande vyote vinakaa. Vitenganishe, ubandike vipande vya tepu ya karatasi kwenye kila ulimi, na pia kwenye kila mstari ambapo ukuta mmoja utaegemea mwingine. Ziba na upige rangi sehemu zote ambazo brashi haitazifikia baada ya kuunganisha, hasa ndani ya vyumba na nyuma ya nguzo. Bandua tepu rangi ikiwa imekauka kiasi cha kutoshika kidole lakini haijawa ngumu kabisa, maana ikishakuwa ngumu hung'oka na ukingo wake. Unganisha kwa gundi, ufute inayofurika kabla haijakauka, halafu umalizie nyuso za nje. Kwa matundu utakayochora siku zijazo, kumbuka pia kwamba leza yenyewe hula upana fulani, kwa kawaida sehemu moja hadi mbili za kumi za milimita, kulingana na mashine. Kata kipande kimoja cha majaribio kabla ya kukata jengo zima.

SWALI (fundi wa Igoma, Mwanza): Ninatengeneza saa za ukutani zenye nakshi za kutoboa, ninapuliza sila ya NC na kumalizia kwa laka ya NC kwa kutumia kompresa. Miezi ya kiangazi kazi inatoka safi kabisa. Mvua zikianza, laka inageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa, hasa nikifanya kazi alfajiri ili niwahi wateja. Nimebadilisha duka la tina bila mafanikio. Je, kosa ni la laka?

JIBU: Fundi, laka yako haina kosa, na wala duka halina kosa. Tina ya NC hupotea hewani kwa kasi kubwa, na inapopotea huchukua joto la uso wa kazi. Uso unapoa ghafla kuliko hewa inayouzunguka, na hewa hiyo ikiwa imejaa unyevu, maji hujitengeneza juu ya laka ambayo bado ni mbichi na kunaswa ndani yake. Huo weupe ni matone madogo sana ya maji pamoja na nafasi yanayoziacha. Kwenye nakshi za kutoboa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kila tundu lina kingo zake na laka hukauka kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja.

Katika ukanda wetu huu wa ziwa, mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, na za masika kati ya Machi na Mei, na katika misimu yote miwili alfajiri ndiyo saa yenye unyevu mwingi kuliko zote. Umechagua saa mbaya kabisa. Hamisha kazi ya kupuliza iwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku ambayo jua limetoka, na tumia alfajiri kwa msasa, usafi na kubandika tepu. Kipimo cha unyevu cha ukutani si ghali na kinafaa kukaa katika karakana yako. Kikionyesha zaidi ya asilimia 70 hivi, acha kupuliza. Vipande na laka vyenyewe viwe vimekaa chumba kimoja tangu jana yake, ili visiwe baridi kuliko hewa.

Ikiwa mteja hawezi kusubiri, iko tina inayokauka taratibu, ambayo wauza rangi za magari huwa nayo. Changanya kiasi kidogo katika tina yako ya kawaida, kisha punguza wingi wa laka kwa kila mkono. Uso utapoa polepole na maji hayatapata nafasi ya kujitengeneza. Usizidishe, kwa kuwa laka itabaki laini muda mrefu na itaanza kuchuruzika kwenye kingo za nakshi. Na zile saa zilizokwisha kugeuka nyeupe usizitupe: siku ikiwa kavu, puliza juu yake ukungu mwembamba wa tina inayokauka taratibu, bila laka. Laka ya juu italainika, unyevu utatoka, na mara nyingi weupe utaondoka wote kwa mara moja.

Jambo hili linawahusu pia wanaokaa karibu na maji kabisa, kwa mfano Capri Point au Kirumba. Wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kutoka majini kwa makundi makubwa huzidi hasa siku za mwandamo wa mwezi, na usiku hufuata taa. Mtu akipiga rangi jioni dirisha likiwa wazi na taa ikiwaka juu ya meza, asubuhi atakuta mamia yao wameganda kwenye laka, na ukiwaondoa kwa msasa huacha mabawa yao ndani. Siku hizo funga dirisha mapema, na kazi mbichi uifunike kwa boksi la karatasi ngumu lililoinuliwa kidogo chini ili hewa ipite.

Tina na laka za NC hushika moto kwa mvuke wake tu, kabla hata hujazigusa. Jiko la mkaa, taa ya moto, sigara na soketi inayotoa cheche visiwepo kabisa katika chumba unachopulizia, na hewa iwe inatoka nje. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mkaa.

SWALI (mama wa Nansio, Ukerewe): Ninanunua mafumbo ya vipande ya wanyama na samaki yaliyokatwa kwa leza, ninayapaka rangi na kuwauzia wazazi. Mteja mmoja aliniambia MDF ina sumu na mtoto asiipeleke mdomoni. Nimepata hofu. Je, niache?

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi na inakuheshimisha, lakini biashara hiyo inaweza kufanywa kwa usalama. Sumu anayoizungumzia mteja wako ni fomaldehidi inayotoka polepole kwenye gundi ya MDF. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayekata na kupiga msasa siku nzima, kwa sababu anavuta vumbi na mvuke kwa pamoja, na vumbi la mbao nalo liko katika kundi hilohilo. Kwa hiyo anza kujilinda wewe mwenyewe: piga msasa nje, vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, na usiruhusu watoto wakae karibu unapofanya kazi hiyo. Unaponunua ubao au vipande, uliza kama MDF yake ni ya daraja la E1, ambalo lina kikomo cha fomaldehidi inayoruhusiwa kutoka.

Kwa mtoto, kinga ni kuziba kila upande, pamoja na mgongo wa kipande na kingo zote, bila kuacha sehemu tupu hata ile isiyoonekana. Hapa pia shelaki inafaa kuliko vyote, kwani ikishakauka ni salama kiasi kwamba hutumika kung'arishia peremende na kufunika vidonge vya dawa. Juu yake piga rangi ya maji ya akriliki ambayo kopo lake limeandikwa kuwa haina madini ya risasi. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, ndizo zilizojulikana kuwa na risasi nyingi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi isiyo na maandishi hayo usiitumie kwa watoto, hata ukipewa bure.

Acha vipande vikae juma zima mahali penye hewa kabla ya kuviuza. Rangi iliyokauka kwa kuguswa bado haijakomaa, na mate ya mtoto yataibandua. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu usiuze fumbo lenye vipande vidogo kabisa, rangi iwe nzuri namna gani, kwa sababu ya hatari ya kumkaba.

SWALI (msomaji wa Musoma): Nilipiga rangi ya mafuta kwenye fremu ya MDF yenye nakshi, ikakauka vizuri. Siku ya tatu nikapuliza laka ya NC juu ili ing'ae, rangi yote ikakunjamana. Kwa nini?

JIBU: Tina ya NC ni kali kuliko rangi ya mafuta. Iliingia chini ya ngozi ya rangi, ikaifurisha na kuitenga na ubao. Kanuni ya kushika ni kwamba kilicho kikali kitangulie na kilicho cha upole kifuate: sila ya NC au shelaki chini, kisha rangi ya mafuta au ya maji, kisha vanishi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta au vanishi ya maji juu ya rangi ya maji. Shelaki nayo isipigwe kwa brashi juu ya rangi ya akriliki, kwani spiriti huilainisha. Fremu yako itabidi ikwanguliwe. Kwenye nakshi tumia tina na mswaki, kidogo kidogo, kisha uanze upya kwa kuziba.

SWALI (msomaji wa Bukoba): Nina vibao vya MDF vyenye majina na mapambo yaliyochorwa kwa leza bila kutobolewa. Nataka uso uwe wa bluu na maandishi yawe ya dhahabu, lakini dhahabu inatambaa nje ya herufi. Pia vibao vyangu vyembamba vimepinda kuelekea upande niliopaka.

JIBU: Rangi inatambaa kwa sababu herufi zilizochorwa na leza zina sakafu ya nyuzi zilizo wazi, na rangi husafiri ndani ya nyuzi hizo kwenda chini ya uso. Piga bluu kwanza juu ya kibao kizima kilichozibwa, ikiwemo ndani ya herufi, uiache ikomae. Halafu pitisha mikono miwili myepesi ya vanishi ya maji, ambayo itaifanya sakafu ya herufi iwe kavu na laini. Jaza dhahabu kwa brashi nyembamba au kwa bomba la sindano lenye ncha iliyokatwa butu, bila kujali inayomwagika kidogo pembeni. Subiri ishike lakini isikauke, kisha zungushia kipande cha kitambaa kisicho na manyoya kwenye kibao kidogo cha mbao kilichonyooka, ukiloweshe kwa maji kidogo sana, na ukipitishe juu ya uso mara moja kwa kila upande safi wa kitambaa. Kwa kuwa kitambaa kimekazwa juu ya mbao, hakitazama ndani ya herufi, na dhahabu iliyo ndani itabaki.

Kuhusu kupinda, upande uliopakwa hauvuti tena unyevu wa hewa, na ule mtupu unaendelea kuvuta na kutanuka, kwa hiyo ubao unajikunja kuelekea upande uliopakwa, kama ulivyoona. Piga sila mgongoni idadi ileile ya mikono kama usoni, siku hiyohiyo. Vilivyokwisha kupinda, vipige sila upande mtupu siku ya jua kavu, vikishakauka uvilaze kati ya mbao mbili zilizonyooka chini ya uzito kwa siku kadhaa, na usivisimamishe ukutani mpaka umalize kazi.